Senene Niliowakataa

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, sogea kidogo nami nikae. Mabenchi hayo nayajua. Lile nililolizoea mimi, Bukoba, lina msumari unaochungulia upande wa kushoto. Umenichania suruali mbili. Mimi ni fundi wa chuma, ningeupiga nyundo siku ya kwanza kabisa kama ningekuwa na nguvu ya kuinua nyundo. Sikuwa nayo. Nguvu niliyobakiwa nayo ilikuwa ya kujikuna tu.

Wananiita Baba Kemi. Nachomelea mageti na madirisha pale Miembeni, na kama umewahi kuingia nyumba yoyote ya mji wa Bukoba kupitia getini, basi mimi na wewe tumeshasalimiana. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa na umri wa kuitwa babu, dawati moja na vijana walioniamkia shikamoo kwanza ndipo wakanakili majibu yangu, wakafeli pamoja nami hesabu. Nayasema haya ujue kwamba kuandika nimefundishwa. Kuandika kwa kifupi ndiko hawakunifundisha. Mambo ya kitaalamu nawaachia wenye makoti meupe. Mimi nitakusimulia jinsi ugonjwa wa mrija wa nyongo unavyochosha, na jinsi sahani ya senene ilivyokaribia kunizika.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: senene ni panzi wanaokuja na mvua za mwisho wa mwaka, wanaanguka kwenye majani kama baraka. Wanawake huwaokota asubuhi, wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga kwa chumvi na kitunguu, mpaka waive kwenye mafuta yao wenyewe. Zamani mwanamke wa Kihaya hakuwala. Aliwakamata, akamkaangia mumewe, na mume akishakula alimnunulia mke nguo. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na ndoa nyingi zilisimama juu yake. Siku hizi kila mtu anakula. Ila mama yangu, anayeishi Kimwani huko Muleba, mpaka leo hajamtia senene mdomoni. Na mke wangu Yunia anaishika mila ile upande unaomfaa: senene anaonja jikoni mpaka robo ya sufuria, halafu nguo anadai nzima.

Mwaka ule Yunia aliniletea sahani ya kwanza ya msimu. Harufu ya mafuta yake ikanifika kooni kama mtu amenimwagia dizeli. Nikaisukuma sahani.

"Nimeshiba," nikasema.

Yunia hakuondoka. Alisimama na ile sahani, akaniangalia kama mtu anayesoma bango la matanga.

"Umeshiba wapi?"

Swali hilo, ndugu msomaji, halihusu chakula. Mwanamume anayerudi nyumbani ameshiba, kuna jiko jingine lililomshibisha. Nikajaribu kueleza kwamba tumbo limejaa tu, limejaa hewa, sina hamu. Ndipo nikazidi kuharibu. Kesho yake nikakataa tena. Wiki ikapita sahani zikienda na kurudi, na mtaa mzima ukajua, maana Miembeni ukikohoa chumbani kwako jirani anakwambia pole kabla hujamaliza.

Sasa jiulize, kwani mimi mwenyewe sikuona kitu? Niliona. Nilikuwa najikuna tangu kahawa ilipoanikwa. Mwili mzima uliwasha, viganja, nyayo, hata mahali ambapo mtu mzima hajikuni mbele za watu. Nikalaumu rangi za karakana na tina ya kuziyeyushia. Nilikonda mpaka mkanda ukatobolewa matundu mapya, nikalaumu kazi. Mkojo ukawa rangi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyokolea, nikasema sinywi maji. Choo kikawa cheupe kama majivu, na hilo sikulilaumu kwa mtu yeyote, nilipiga tu maji nikatoka. Macho? Mchomeleaji ana macho gani? Yetu ni mekundu Jumatatu mpaka Jumamosi, na mimi nilishazoea miwani myeusi hata kanisani. Mchungaji alidhani najificha nisinzie.

Habari za sahani zikafika Kimwani. Baba mdogo Rwegasira, mdogo wake marehemu baba yangu, akapiga simu.

"Jumapili mje wote wawili. Kuna kikao."

"Cha nini, Baba mdogo?"

"Utakijulia kwenye kikao."

Tulikaa nyumbani kwa mama, ndani, kwa sababu mvua ilikuwa inashuka kwenye kibanja na migomba ikipiga kelele yake. Mama alikuwa ametandika nyasi mpya sakafuni. Kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kikapita, kila mtu akachukua punje zake. Baba mdogo alikuwa amekalia kiti pekee chenye mgongo. Akakohoa.

"Yunia mwanangu. Tumesikia mumeo anarudisha sahani."

"Anarudisha, Baba."

"Ikiwa na senene."

"Wakiwa wote. Hata mmoja hajapungua."

Shangazi zangu wakaguna kwa sauti moja, utadhani kwaya.

"Mwanamume anaweza kuacha rubisi," Baba mdogo akaendelea, "tukasema ameokoka. Anaweza kuacha sigara, tukasema ana kifua. Senene anawaachaje? Lazima kuna neno. Sasa tuambie umemwambia neno gani, maana ulimi wako, waitu, tunaujua tangu siku ya harusi."

"Baba mdogo," nikaingilia, "mimi sina hamu tu."

"Nyamaza. Wewe ndiye mlalamikaji."

"Sijalalamika."

"Ndiyo maana tumekuja kulalamika kwa niaba yako."

Watu wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, ila mbavu za kulia zilikuwa nzito kama nimebeba tofali ndani. Nikaegemea ukuta. Yunia hakucheka. Aliinuka, akakung'uta nyasi kwenye kitenge chake.

"Mnaniuliza nimemwambia nini," akasema. "Hakuna aliyeniuliza nafua nini. Mimi ndiye ninayefua mashuka ya mtu huyu. Yanatoka ya njano kama nimefunikia ndizi za kuivisha. Nimeloweka, nimesugua, nimedhani ni rangi ya mageti. Sasa hebu njooni nje."

Mvua ilikuwa imekatika. Akanishika mkono mbele ya wazee, jambo lisilofanywa, akanivuta mpaka uwanjani ambako jua lilikuwa limetoka lile la baada ya mvua, jeupe, lisiloficha kitu. Akanivua miwani.

"Mtazameni macho."

Wakatazama. Mama yangu akanishika shavu, akalivuta chini kwa kidole gumba kama nilivyokuwa mtoto.

"Mae," akasema. "Mae, mwanangu."

Baba mdogo alisogea karibu sana, nikasikia kahawa kwenye pumzi yake. Akasema neno moja tu:

"Ameiva."

Hakuna aliyecheka. Nilicheka mimi peke yangu, na kicheko kile kilinichosha mpaka nikaketi kwenye matope. Baba mdogo akageuka kwa wenzake. "Kikao kimefungwa. Nani ana pikipiki yenye mafuta?"

Yunia hakuombwa radhi siku ile. Alinieleza baadaye kwamba radhi angeipokea, ila alikuwa na haraka.

*

Ukurasa wa hospitali ni mrefu kuliko mwaka, na umejaa kukaa. Unakaa upimwe damu, unakaa usubiri damu, unakaa usubiri aliyekwenda kuitafuta damu. Kwenye benchi lile la msumari nilikutana na Mzee Kamuhabwa, mkulima wa Rubafu, mwenye rozari shingoni na rangi kama yangu. Alinitazama ninavyojikuna.

"Unatumia nini?"

"Kucha."

"Kucha ni za watoto," akasema, akachomoa gunzi la mahindi mfukoni. "Shika. Anza na mgongo."

Kuanzia hapo tukawa tunapokezana gunzi lile kama watu wanaopokezana mrija wa pombe kwenye mtungi mmoja. Mwenzangu alikuwa wa njano tangu kahawa ilipoanza kuiva. Alikuwa ametibiwa malaria, akatibiwa malaria tena, halafu akatibiwa na majirani kwa majani ya kila mti uliopo kati ya Rubafu na ziwa. "Nimekunywa msitu," aliniambia. Kila aliyemshauri alimpenda. Hilo nalikumbuka.

Daktari wetu alikuwa binti mdogo, umri wa Kemi wangu, sauti ya upole na macho yaliyokosa usingizi. Altrasaundi ilikuwa imefanyika. Akatueleza mimi na Yunia kwa kalamu juu ya kiganja chake.

"Mirija ya nyongo ndani ya ini imejaa, baba. Maji yakijaa mfereji, kuna kitu kimeziba chini. Kipimo hiki kinanionyesha yamejaa. Nani kaziba, hakinionyeshi."

"Sasa nani ataonyesha?"

"Kuna mashine ya sumaku, MRI. Inaipiga picha mirija yote bila kukuchana. Itabidi muende Mwanza."

Yunia akauliza lile ambalo mimi niliogopa. "Tukisubiri sikukuu zipite?"

Daktari alifikiri kidogo. "Kama ni kijiwe, mama, kitasubiri. Kama ni kitu kingine, chenyewe hakisubiri sikukuu."

Nyumbani mjadala ukaanza upya. Shangazi mmoja alitaka nipumzishwe kwanza nipate mwili, kwani mtu atasafirije akiwa mifupa? Mwingine alimjua mama wa Kamachumu anayetibu manjano kwa kuchanja. Baba mdogo alisema Krismasi ni Krismasi, mtu ale na ndugu zake kwanza, kisha tuone. Wote waliongea kwa upendo, na mimi nilikuwa nimechoka hivi kwamba kila aliyeongea niliona amesema kweli. Ningekubali hata kuchanjwa, mradi nichanjwe nikiwa nimelala.

Yunia alikuwa anapanga nguo kwenye begi.

"Yunia, tunaongea," Baba mdogo akamwambia.

"Nawasikia, Baba. Endeleeni. Basi linaondoka asubuhi."

Mama alitungoja Kimwani kando ya barabara, chini ya mwavuli uliovunjika mbavu. Dereva, Mungu ambariki, alisimama. Mama hakuwa na muda wa maneno. Alinipitishia dirishani punje za kahawa zilizofungwa kwenye jani, na kifurushi kikavu ndani ya taulo.

"Nini hiki, mama?"

"Senene. Nimewakausha. Hamu ikikurudia njiani usije ukakosa."

Basi likaondoka. Yunia akakipokea kile kifurushi, akakikumbatia mapajani. Ile si safari ya kusimulia. Nilikuwa nimelala na mdomo wazi, na kila tuta la barabarani lilinisalimia kwa jina la ukoo.

*

Mwanza nilidhani nitaingia kwenye mashine siku ileile. Kijana wa chumba cha sumaku alinipokea kwa heshima, akanivua saa, mkanda, pete, akaniuliza kama nina chuma chochote mwilini.

"Sina, mwanangu. Isipokuwa kazi."

"Kazi gani, mzee?"

"Mchomeleaji. Miaka mingi kuliko yako."

Akaacha kuandika. "Umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni?"

"Mara nyingi kuliko usingizi."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba sumaku ile haina mzaha: chembe iliyobaki ndani ya jicho inaweza kuvutwa, ikatembea, jicho likaharibika. Picha haipigwi mpaka macho yapigwe eksirei. Tukarudi kwenye benchi. Hapo ndipo nilipochoka kabisa, uchovu wa moyoni. Nilijiona mtu aliyejenga nyumba yake kwa chuma na sasa chuma kimemfungia nje. Kama ipo chembe, picha hakuna. Na bila picha yatabaki makadirio tu, na nilishamwona Mzee Kamuhabwa makadirio yalipomfikisha.

"Yunia," nikasema, "wakiikuta turudi nyumbani. Nile Krismasi."

"Hawataikuta."

"Unajuaje?"

Hapa lazima nikueleze jambo la chumbani. Miaka yote ya ndoa yetu, chembe ikiniingia jichoni nilikuwa nafunga karakana, nakwenda nyumbani, namlalia Yunia mapajani. Yeye alinifungua jicho kwa vidole viwili na kuitoa chembe kwa ncha ya ulimi. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, kwa vumbi la kupepeta maharage. Usifanye hivyo, kule Mwanza walitukaripia wakasema ni namna ya kupata jicho bovu bure, na wako sahihi. Nakwambia tu kilichotokea.

"Najua," Yunia akasema, "kwa sababu nilizimeza zote."

Eksirei ikaja safi. Macho yote mawili, hakuna hata chembe. Nikampigia simu Baba mdogo papo hapo, nikiwa na zile nguvu za mwisho.

"Baba mdogo, ule ulimi ulioufungulia kikao."

"Umefanya nini tena?"

"Umenifungulia mlango."

Nikamsikia akitafuna punje za kahawa, moja, mbili. "Mwambie," akasema hatimaye, "mwambie nimesikia." Kwa mzee wa ukoo wetu, hiyo ni barua ya radhi yenye mhuri.

Kesho yake wakaninywesha juisi ya nanasi. Usishangae, mimi nilishangaa kwa niaba yako. Nilikuwa sijala tangu jana yake, nikaletewa bilauri, nikaambiwa inasaidia tumbo lisiizibe ile picha ya mirija. Nikauliza kama juisi ya ndizi isingefaa, kwa heshima ya mkoa wa Kagera. Kijana akasema nanasi, mzee, kunywa.

Kisha unalazwa, unavishwa kitu kama kinga ya kifua ya kipa, unaingizwa kwenye tundu. Watu wengi wanaogopa pale. Ni pembamba, pua inakaribia dari, na kelele zinaanza: ga-ga-ga, kisha ngrrr, kisha nyundo. Mtu akikwambia usiogope, mjibu kwamba kuogopa kunaruhusiwa, kutikisika ndiko hakuruhusiwi. Mimi sikuogopa. Kelele zile zilikuwa karakana yangu kabisa, siku ya oda nyingi, mafundi kumi wanaponda bati. Kwa mara ya kwanza tangu muwasho uanze nilijisikia niko nyumbani. Nikalala.

"Mzee!" sauti ikaja kwenye masikio. "Mzee, usilale! Nikisema zuia pumzi, zuia."

"Nazuia."

"Umekoroma, mzee. Tunarudia."

Tukarudia. Vuta, toa, zuia. Nilizuia mpaka nikamwona marehemu babu ananipungia mkono, nikamwambia bado, babu, picha haijatoka. Pumua. Tena. Aliponitoa, nilikuwa nimelowa kama nimevuliwa ziwani.

Nikamkuta Yunia kwenye benchi. Lile taulo la mama lilikuwa wazi mapajani mwake, na ndani hamna kitu. Unga tu wa chumvi, na bawa moja lililosahaulika.

"Nimewala wote," akasema. Midomo yake iling'aa mafuta mbele ya watu wazima wa mikoa mitano. "Ile mashine inapiga kelele mpaka huku nje. Nilikuwa naogopa, Baba Kemi. Kila ikipiga, namla mmoja."

Yunia ambaye sijawahi kumwona akiogopa hata nyoka. Nikaketi karibu yake. Nikamfuta mdomo kwa kona ya lile taulo.

"Sasa nani anamnunulia mwenzake nguo?" nikauliza.

Akanitazama suruali, iliyokuwa imeshikiliwa na kamba baada ya mkanda kuvuliwa. "Mimi," akasema. "Twende nikununulie inayokutosha, unanitia aibu."

*

Majibu tuliyasubiri kwa shemeji yake Yunia, mtaa wa Nyakato, nikilala sakafuni karibu na mlango kwa sababu ya joto la ngozi. Siku ya kuitwa, daktari bingwa alitugeuzia kioo cha kompyuta. Sikutegemea kuona kitu cha kupendeza. Picha ilikuwa nyeusi, na katikati yake mti mweupe umesimama, matawi yamenenepa, yamefurika mpaka juu. Ila shina, karibu na chini, lilikuwa limekatika ghafla, kama mgomba uliopigwa panga.

"Hapo," akasema. "Kuna kitu kinachoota ndani ya mrija. Kidogo sana. Kwa jinsi ninavyoona, hakijatoka nje yake. Tutachukua chembe tupime, lakini mimi nadhani ni saratani, na nadhani mmekuja mapema."

Nilisikia saratani. Masikio yakaziba hapo, nikawa natazama tu mdomo wake. Yunia ndiye aliyesikia mpaka mwisho.

"Daktari," akasema, "lirudie hilo neno la mwisho."

"Mapema?"

"Rudia taratibu. Huyu ni fundi. Hajawahi kuambiwa neno hilo tangu azaliwe."

Daktari akacheka, na mimi nikalia. Ndivyo tulivyogawana.

Yaliyofuata nitayapita kama mtu anayepita kwenye matope, haraka na bila kutazama chini. Waliniwekea mpira mdogo nyongo ipite. Rangi ikaanza kunitoka, macho yakarudi meupe, na siku muwasho ulipokoma nililala mchana kutwa kama mfu mwenye bahati. Chembe zilipopimwa, ikawa ndiyo. Mwanzo wa mwaka nikapasuliwa. Walikata kipande cha mrija, wakakiunganisha kilichobaki na utumbo. Nilipoelezwa nikaona ni kazi ya fundi mwenzangu, ila mimi nikikosea ungio geti linalia tu. Nikaamka na mipira mitatu na kiu ya ng'ombe. Masika yote nilitembea nimejikunja, mkono tumboni, kama ninaiba kuku.

Halafu vidonge vya saratani. Kila duru ya vidonge ilikuwa na wiki ya kunyanyuka na wiki ya kuanguka. Viganja vilichubuka, nyayo zikachanika. Mimi niliyeshika chuma cha moto sikuweza kushika kikombe cha chai. Karakana ikaendeshwa na Kemi, binti yetu, aliyeacha kazi yake ya dukani bila kuniuliza, na mageti yake yananyooka kuliko yangu, jambo ambalo naliandika kwa shida.

Na tuligombana, nisikufiche. Siku moja nililalamikia chumvi ya mchuzi. Chumvi tu. Yunia akaweka mwiko chini, akatoka, akaenda kukaa karakanani katikati ya vyuma, peke yake, mpaka jua likageuka. Nilimfuata kwa hatua zangu za kuiba kuku.

"Ugonjwa huu ni wa wawili," akasema bila kunitazama. "Ila anayepewa pole ni mmoja."

Nikamwambia pole. Akaipokea, tukarudi. Kama unamuuguza mtu na unasoma haya, pole na wewe. Ichukue, ni yako.

Mzee Kamuhabwa naye alifika Mwanza, siku chache nyuma yangu. Mti wake ulikuwa umekatika pale juu matawi yanapokutana, na kile kitu kilikuwa kimeshaingia kwenye ini. Wakamwekea mpira wa nyongo apate nafuu, wakamrudisha. Nilimtembelea Rubafu nilipoweza kupanda gari. Alikuwa amelala barazani, anatazama kahawa yake, hajikuni tena.

"Gunzi langu unalo?" akaniuliza.

Nikamwambia ninalo.

"Baki nalo. Mimi mpira umeniponya muwasho. Hilo tu, lakini waitu, si dogo."

Tulimzika kabla masika hayajakatika. Sikuweza kushika koleo. Nilisimama nikihesabu tofauti kati yangu na yeye, nikaikuta ni ndogo mno na haina sifa kwangu: yeye aliwala senene wake kama kawaida, mkewe hakuwa na la kulalamika, hakuna aliyemwitia kikao. Mimi niliugua mahali pa kelele.

Kwa hiyo nikwambie lile nililokaa kwenye benchi hili kukwambia. Ukijikuna bila upele, ukikojoa rangi ya pombe, choo kikipauka, toka nje uwanjani jua likiwa kali, umpe macho yako mtu anayekufulia mashuka. Akikwambia ni ya njano, msiite kikao. Mkishaambiwa mirija imejaa, ulizeni kilichoziba ni nini, na mtu akisema kuna mashine ya sumaku inayoweza kuonyesha, msiipangie baada ya sikukuu. Na kama wewe ni fundi wa chuma, sema mapema. Neno hilo nimejifunza kulitumia.

*

Narudi Mwanza kila baada ya miezi kadhaa. Nanasi, tundu, zuia pumzi. Yule kijana ananijua. Ananitania kwamba nimeleta mto. Safari ya mwisho mti ulikuwa mweupe, umekondeana vizuri, na hakuna kitu kinachoota. Mpaka safari ijayo. Sitakudanganya kwamba nimepona na kuruka. Ninachoka nikipiga mswaki. Kusubiri majibu nako ni ugonjwa, hauna vidonge. Lakini nasubiri nikiwa na rangi yangu.

Mvua za mwisho wa mwaka zimerudi. Jumamosi tulikuwa Kimwani, na Yunia na mama walitoka asubuhi na ndoo, wakarudi na magauni yamelowa umande mpaka magotini. Mama akanyonyoa, Yunia akakaanga. Baba mdogo alikuja bila kualikwa, akakaa kwenye kiti chake chenye mgongo, akajifanya anatazama migomba.

Sahani ikaja. Yunia akaiweka mbele yangu, akabaki amesimama. Harufu ikapanda. Nikaingoja ile dizeli kooni. Haikuja. Ilikuja harufu ya nyumbani tu, kitunguu na mafuta. Nikamtia mmoja mdomoni. Akavunjika kwa ule mlio wake. Mama akaacha kupepea moto. Nikala wa pili, wa tatu. Mafuta mengi hayaruhusiwi kwangu, na tumbo langu jipya ni dogo kama la mtoto wa kuku. Nilipofika wa kumi hivi, nikaisukuma sahani kwa Yunia, ikiwa bado imejaa.

Kwenye kiti kile mtu akakohoa.

"Nimeshiba," nikasema.

Yunia hakuishika sahani. Alikuwa ameshika kiuno.

"Umeshiba wapi?"

"Hapa."

Akaketi kwenye nyasi kando yangu, mbele ya mama yangu na Baba mdogo na mila zote za Kihaya, akajaza kiganja, akaanza kula.

"Gauni," akasema huku anatafuna, "nataka la mikono mirefu."